Shule Isiyo ya Dini: Tanga na Hatima ya Hati za Kiswahili

Msamiati wa elimu katika Kiswahili umehifadhi historia ambayo vitabu aghalabu huipita haraka. Neno chuo, ambalo leo hutumika kwa taasisi za elimu ya juu, hapo kale lilimaanisha kitabu, na pia mahali mtoto alipopelekwa kusoma Kurani. Neno shule lina asili ya Kijerumani. Unguja, palipokuwa na athari ya Kiingereza, watu husema skuli. Mwishoni mwa karne ya 19 mzazi wa mrima alikuwa na chuo upande mmoja na misheni upande wa pili. Chuoni mtoto alijifunza dini yake na hati za Kiarabu. Misheni alifundishwa hati za Kirumi pamoja na Injili. Kwa Mwislamu, hilo la pili halikuwa chaguo hata kidogo.

Shule ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892 na kisha kuwa mikononi mwa serikali ya Kijerumani, ilileta njia ya tatu. Haikufundisha dini. Sababu haikuwa kuheshimu dhamiri ya mtu: utawala ulihitaji makarani, wakalimani na maakida, na waliokuwa karibu zaidi na kazi hizo walikuwa Waislamu wa pwani. Hata hivyo wazazi walisitasita, wala si ajabu, kwani vita vya Abushiri vya 1888-1889 vilikuwa bado vibichi katika kumbukumbu zao. Likazuka wazo la kumwajiri mwalimu wa Kurani ili kuwavuta. Wamisionari walilalamika kwa ukali, wakidai kwamba shule isiyofundisha Ukristo ingeunufaisha Uislamu tu, na wazo hilo halikudumu.

Hapa ndipo penye uzito kwa mwanaisimu. Hati za Kirumi zilikuwa zimetumiwa kuandikia Kiswahili na wamisionari kama Krapf na Steere, hivyo zilinukia kanisa. Shule ya Tanga ndiyo iliyoziondolea harufu hiyo. Kijana wa Kiislamu aliweza kuandika a, e, i, o, u bila kutiliwa shaka kwamba amebatizwa, akarudi nyumbani jioni na kuendelea na chuo chake. Gazeti la Kiongozi, lililoanza kuchapishwa shuleni hapo mwaka 1904, lilipata waandishi wa pwani na wa bara, na Kiswahili chake hakikuwa cha msikiti wala cha kanisa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, suala la hati lilikuwa limekwisha kuamuliwa madarasani.

Ila njia hiyo ya tatu ilikuwa nyembamba. Shule za serikali zilikuwa chache mno zikilinganishwa na za misheni, na Waingereza waliposhika Tanganyika waliendelea kuzitegemea misheni kwa kuzipa ruzuku. Familia ya Kiislamu ya bara, mbali na shule ya serikali, ilibaki na lile chaguo la zamani: misheni au kukosa. Pengo lililotokana na hali hiyo ndilo ambalo Sheria ya Elimu ya 1969 ilikusudia kulipunguza, pale shule za misheni zilipotwaliwa na taifa na dini ikawa kipindi ambacho kila madhehebu hufundisha watoto wake.

Gharama yake haitajwi sana. Ofisini, mtu aliyeweza kusoma utenzi na kuandika barua ya biashara kwa hati za Kiarabu alianza kuhesabiwa kuwa hajui kusoma. Ujuzi wa vizazi ukageuka kuwa jambo la dini peke yake, ilhali ulikuwa umetumika kwa mikataba, madeni, mirathi na mapenzi. Miswada ya hati hizo iliyokusanywa na J.W.T. Allen na wenzake imehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahitimu wa Kiswahili wanaoweza kuifungua na kuisoma bila msaada ni wachache.