Boltzmann na Mjadala wa Lübeck: Kwa Nini Joto Halirudi Lilikotoka

Tarehe 5 Septemba 2026 inatimia miaka 120 tangu mwanafizikia wa Austria, Ludwig Boltzmann, ajitoe uhai huko Duino, karibu na Trieste, na kumbukumbu hiyo inafaa kuurejesha mjadala ulioitia maana sheria ya pili ya themodinamiki, yaani sayansi ya joto na kazi.

Msingi uliwekwa na Sadi Carnot mwaka 1824, alipoonyesha ukomo wa injini za joto. Kisha Rudolf Clausius akalipa jina, mwaka 1865, lile tunda la sheria hiyo: entropia, kipimo ambacho hakipungui katika mfumo usiopokea wala kutoa nishati.

Boltzmann alitaka kuipata sheria hiyo kutokana na mwendo wa molekuli, lakini mwaka 1876 Josef Loschmidt, rafiki yake wa Vienna, alihoji kwamba, kwa kuwa kanuni za mwendo hazibagui mbele na nyuma, molekuli zikigeuziwa mwelekeo zote kwa pamoja gesi ingerudia njia yake na entropia ingepungua. Mwaka uliofuata Boltzmann alijibu kwa hesabu ya uwezekano: hali ya mtawanyiko ina namna nyingi mno za kutokea kuliko hali ya mpangilio. Molekuli 100 tu zinazozunguka kisandukuni zina nafasi moja kati ya idadi inayoandikwa kwa 1 na sifuri 30 hivi ya kukutwa zote katika nusu moja, ilhali sentimita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina molekuli zaidi ya bilioni bilioni kumi. Kurudi nyuma, basi, si muhali. Ni jambo lisilotarajiwa kamwe.

Jibu hilo halikuwatosha waliokana kwamba atomu zipo. Katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Lübeck, Septemba 1895, Georg Helm na Wilhelm Ostwald walitetea energetiki, nadharia iliyoifanya nishati kuwa asili ya kila kitu, na Boltzmann akawakabili hoja kwa hoja. Arnold Sommerfeld, aliyehudhuria akiwa kijana, alikumbuka baadaye pambano lililofanana na la fahali na mpigana naye hodari, na safari hiyo fahali, yaani Boltzmann, ndiye aliyeshinda. Hata hivyo upinzani uliendelea, na mwaka 1898 Boltzmann aliandika kama mtu anayejiona peke yake dhidi ya mkondo wa zama zake.

Ushahidi kwamba atomu zipo ulitokana na kazi ya Einstein ya mwaka 1905 na majaribio ya Jean Perrin tangu 1908, hata Ostwald akakubali. Na mwaka 2019 namba thabiti inayoitwa kwa jina la Boltzmann iliingizwa katika misingi ya vipimo vya kimataifa.

Heshima hiyo ni stahiki, lakini haitoshi. Mwanafunzi anayekaririshwa fomula ya entropia iliyochongwa kwenye kaburi la Boltzmann huko Vienna, bila kuelezwa pingamizi la Loschmidt, huiona sheria kama amri isiyo na sababu, ilhali nguvu yake yote imo katika hesabu iliyozaliwa na pingamizi hilo. Walimu na waandishi wa vitabu vya fizikia wana wajibu wa kuufundisha mjadala pamoja na jibu lake.