Kudumu na Taarab: Wasanii wa Unguja na Klabu Zao

Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda burudani za Misri. Masimulizi ya Waunguja yanaeleza kwamba aliwaleta wapigaji kutoka huko, kisha akampeleka Cairo Mohamed bin Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, na aliporejea akawafunza wengine. Wakati huo muziki huu ulipigwa mbele ya sultani na wageni wake, na nyimbo zote zilikuwa za Kiarabu. Aliyetaka kuupiga ilimbidi kwanza apate nafasi karibu na jumba la mfalme.

Nafasi hiyo ilipanuka mwaka 1905, vijana wa mjini walipoanzisha Nadi Ikhwani Safaa. Waliagiza ala kutoka Misri na kukutana kwa mazoezi. Hii ndiyo klabu iliyoweka msingi wa malezi ya wasanii wa taarab kwa karne nzima iliyofuata. Hapakuwa na mshahara. Mwanachama alikuwa na shughuli yake ya kumpatia riziki, na muziki aliufanya kwa mapenzi. Mwanagenzi alikaa karibu na mzee wa udi, fidla au kanuni, akasikiliza, akafuatiza, akasahihishwa. Aliyedumu katika klabu akawa mzee, naye akafundisha. Kwa njia hiyo mtu aliweza kuishi na sanaa tangu ujana hadi uzeeni bila kuitegemea kwa chakula. Lakini mlango wa klabu ulikuwa mwembamba: wanachama walikuwa wanaume, na wengi wao watu wenye nafasi.

Aliyeupanua mlango huo alitoka shamba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia iliyopitia utumwa. Hakupata elimu ya shule. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mpigaji wa Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba kwa ala. Baadaye alikuwa na kundi lake, lenye watu kama Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Mwalim Shaaban. Waliimba katika majumba ya matajiri, lakini pia Ng'ambo, mtaa wa watu wa kazi. Huko nyimbo zilitungwa kwa Kiswahili na kugusa mambo ya mjini: mapenzi, dhuluma na hukumu za mahakama. Wimbo wake unaojulikana kama "Kijiti" unahusu mauaji ya mwanamke mgeni, ambapo mtuhumiwa alitoroka na waliofungwa wakawa wanawake waliomwalika marehemu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya HMV. Alikuwa akikaribia miaka 50. Sahani hizo zilisikika pwani nzima ya Afrika Mashariki, na kampuni nyingine zikaingia katika biashara ya nyimbo za Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake, jambo lililokuwa adimu kwa mwanamke mwimbaji wa zama hizo.

Baada ya Siti kuonyesha njia, wanawake walijiundia vyama vyao. Kati ya vita viwili vya dunia na muda mfupi baadaye, Unguja ilikuwa na vikundi vya wanawake kama Sahib el-Ari na Nur el-Uyun. Wanachama walivaa sare, wakaimba katika harusi na sherehe, wakashindana kwa mafumbo yaliyolengwa kwa wapinzani. Ala kwa kawaida zilipigwa na wanaume. Fedha zilitoka kwenye michango ya wanachama na kwa watazamaji, waliomwendea mwimbaji katikati ya wimbo na kumtunza. Kutunza kulikuwa malipo na sifa kwa pamoja. Mara nyingi mtunzaji alichagua ubeti uliosema lile aliloshindwa kulisema mwenyewe.

Siasa za miaka ya 1950 ziliingia pia klabuni. Mwaka 1958 kilizaliwa katika jumuiya ya vijana ya chama cha Afro-Shirazi kikundi ambacho baadaye kilikuja kuitwa Culture Musical Club, chenye makao Vuga. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliondoa usultani na ufadhili wake, na serikali mpya ikaufanya muziki uitumikie dola. Wasanii walipiga katika sherehe za taifa na redioni. Hata hivyo utaratibu wa ndani haukubadilika sana: mazoezi ya pamoja, wazee wakifunza vijana, mapenzi mbele ya malipo.

Mtu aliyeonyesha zaidi jinsi sanaa inavyoweza kujaza maisha yote hakutegemea klabu yoyote. Fatuma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, alizaliwa katika miaka ya 1910 hivi, binti wa muuza nazi. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti, akatoroka chuo cha Kurani akiwa bado mtoto, na katika miaka ya 1930 akaimba na kikundi cha taarab Dar es Salaam kabla ya kurudi Unguja. Riziki yake ilitoka kwenye hina, dawa za miti shamba na unyago, ambapo aliwafunda wasichana na kupiga ngoma ya msondo. Kazi hizo hazikuwa kando ya sanaa yake, kwani unyago wenyewe ni nyimbo, ngoma na uchezaji. Umaarufu wa kimataifa ulimfikia uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, nchini Uingereza, na akaendelea kupanda jukwaani karibu hadi kifo chake, tarehe 17 Aprili 2013.

Katika miaka ya 1990 msingi wa klabu ulitikisika. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya fidla nyingi, watazamaji wakaanza kucheza badala ya kukaa, na vikundi vya Dar es Salaam vikawa vya ajira. Khadija Kopa, aliyeinukia Culture Musical Club, baadaye aliimba katika vikundi vya Muungano na Tanzania One Theatre, na ushindani wa vikundi hivyo viwili ukajaza kumbi. Kwa mara ya kwanza waimbaji wengi waliweza kuifanya taarab kuwa kazi ya mshahara. Lakini kikundi cha ajira huhitaji nyimbo mpya na kiingilio kila wiki, na hakina muda mrefu wa kumfunza kijana kanuni au udi.

Pengo hilo la mafunzo ndilo lililozaa hatua iliyofuata. Mwaka 2002 chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilianza kufundisha katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani, kwa madarasa na vyeti. Mwaka 2009 Maryam Hamdani aliunda Tausi, kikundi ambacho wanawake wenyewe hupiga ala zilizokuwa za wanaume. Siti Muharam, kitukuu cha Siti binti Saad, alitoa albamu ya "Siti of Unguja" mwaka 2020. Ikhwani Safaa na Culture nazo ziliingia karne ya 21 zikiwa hai. Mwanagenzi wa leo Unguja ana njia tatu za kuingia katika taarab: darasa, ajira ya kikundi, au kiti karibu na mzee wa klabu.