Mfalme, Simba na Fimbo: Uhalali wa Utawala katika Masimulizi ya Karagwe ya Karne ya 19

Katika sanaa na nembo za kifalme, kiumbe aliye nusu mtu nusu mnyama huonyeshwa katika mwili mmoja. Sfinksi ya Misri ya kale, kwa mfano, ina kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Katika ufalme wa Karagwe, ambao eneo lake leo limo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mfalme na mnyama waliunganishwa kwa kufuatana: mnyama alitoka katika mwili wa mfalme aliyefariki.

John Hanning Speke alifika katika ikulu ya Mukama Rumanyika mwezi Novemba 1861, na masimulizi aliyopewa huko aliyachapisha mwaka 1863. Kwa mujibu wake, simba mchanga alitoka katika moyo wa maiti ya Ruhinda wa Sita, babu yake Rumanyika, akakilinda kilima alikolazwa mfalme. Simba waliozaliana hapo walimtii Ndagara, baba yake Rumanyika, wakampigania badala ya askari. Ndagara naye alipofariki, maiti yake ilishonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe na kuwekwa katika mtumbwi ziwani kwa siku tatu. Funza watatu waliotokana nayo walikabidhiwa mrithi; mmoja akageuka simba, wa pili chui, wa tatu fimbo.

Fimbo ndiyo inayobainisha maana ya masimulizi haya. Simba na chui ni nguvu. Fimbo ni mamlaka. Vyote vitatu vinatoka katika mwili mmoja, na anayevipokea ni mrithi peke yake.

Dai hilo lilikuwa na umuhimu wa kisiasa, kwani Rumanyika aligombea kiti na ndugu yake Rogero. Speke anasimulia kwamba ngoma ndogo iliyotiwa dawa iliwashinda ndugu zake, naye Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo. Hata hivyo, mwandishi huyohuyo anaeleza kuwa vita viliendelea, hata Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Kazeh, alipompa Kabaka Suna wa Buganda pembe za ndovu ili atume jeshi dhidi ya Rogero.

Kwa hiyo, masimulizi ya simba hayatoshi kusomwa kama ngano tu. Yaliupa asili ya mwilini utawala ambao, kwa sehemu, ulilindwa kwa pembe na jeshi la kigeni. Aidha, yalisimuliwa katika ikulu ya mshindi; sauti ya Rogero haimo ndani yake. Mtafiti anayeyatumia hana budi kuuzingatia ukimya huo.