Jinsi simu za bei nafuu zilivyopata kufuli ya siri

SIMU inapopotea au kuibwa, hasara kubwa mara nyingi si bei ya chombo chenyewe bali ni yale yaliyohifadhiwa ndani yake: picha za familia, arafa, barua-pepe na kumbukumbu za biashara. Nambari ya siri ya kufungulia simu haitoshi peke yake, kwani mdukuzi stadi anaweza kuisoma hifadhi ya simu moja kwa moja bila kupitia mlango huo. Kinga ya kweli ni usimbaji, yaani taaluma ya kugeuza maandishi yanayosomeka kuwa msimbo usioeleweka na yeyote asiye na ufunguo.

Ufunguo katika taaluma hii ni nambari ndefu ya siri ambayo urefu wake hupimwa kwa biti. Mnamo 1977 serikali ya Marekani iliidhinisha mfumo wa DES, uliotumia ufunguo wa biti 56. Kadiri tarakilishi zilivyozidi kuwa na kasi, ndivyo ufunguo huo ulivyozidi kuwa dhaifu. Mnamo Julai 1998 shirika la Electronic Frontier Foundation lilionyesha mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000, ambayo ilijaribu mabilioni ya funguo kila sekunde na kuupata ule wa kweli kwa muda wa saa 56 hivi.

Kufikia wakati huo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilikuwa imeshaanza kutafuta mrithi wa DES kupitia shindano la wazi lililotangazwa mnamo 1997. Mifumo 15 ilikubaliwa mwaka wa 1998, na mwaka uliofuata ikachujwa ikabaki mitano. Watafiti wa nchi mbalimbali walialikwa kujaribu kuivunja. Hata hivyo, uimara haukuwa kigezo pekee. Kasi ya kila mfumo na kiasi cha kumbukumbu ulichohitaji vilipimwa pia, katika tarakilishi kubwa na hata katika kadi ndogo za kielektroniki. Mnamo Oktoba 2000, ushindi uliendea mfumo wa Rijndael, uliobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ulifanywa kiwango rasmi mnamo Novemba 2001 kwa jina la AES, ukiwa na funguo za biti 128, 192 au 256.

Umuhimu wa kasi hudhihirika katika matumizi ya kila siku. Kila kitu kinachoandikwa katika hifadhi ya simu sharti kisimbwe, na kila kinachosomwa sharti kisimbuliwe. Kazi hiyo ikikawia, simu nzima hukawia. Simu za bei ghali ziliepuka tatizo hili kwa kuwa vichakataji vyake vina amri maalumu za AES zilizojengwa ndani. Vichakataji vya bei ya chini, mathalani Cortex-A7, havina amri hizo.

Hapo ndipo ule usemi kwamba rahisi huvunja upishi ulipotimia. Mnamo 2015, toleo la 6.0 la programu ya Android liliwataka watengenezaji kusimba hifadhi za simu mpya, lakini liliziondolea sharti hilo zile zisizoweza kufikisha kasi ya megabaiti 50 kwa sekunde zikitumia AES. Kwa hivyo wanunuzi wenye kipato kidogo ndio walioachwa bila kinga.

Suluhisho lilipatikana mnamo 2018, pale Paul Crowley na Eric Biggers wa kampuni ya Google walipobuni mfumo wa Adiantum. Sehemu yake kubwa hutegemea ChaCha, mfumo uliobuniwa na Daniel J. Bernstein na kuchapishwa mwaka wa 2008, ambao hutumia hesabu nyepesi ambazo kila kichakataji huzifanya upesi. Wabunifu hao walitumia duru 12 za ChaCha badala ya 20 zilizozoeleka, kwa kuwa mashambulizi yaliyojulikana wakati huo yalikuwa yamefikia duru 7 tu. Katika kichakataji cha Cortex-A7, Adiantum iliishinda AES ya biti 256 kwa kasi ya zaidi ya mara tano.

Mnamo 2019 toleo la Android 10 lilifuta msamaha wa awali: kila simu mpya inayoanza na toleo hilo ni lazima isimbe data ya mwenyewe, iwe ghali au nafuu.

Licha ya hayo, usimbaji haumwondolei mwenye simu wajibu wake. Katika simu hizo, funguo zinazolinda data hulindwa nazo kwa nambari ya siri ya mwenyewe. Asiyeweka nambari yoyote, au anayeweka 1234, huwa amefunga mlango wa chuma na kuuacha ufunguo kizingitini.