Wosia wa Mzazi katika Tenzi

Mwalimu wa Ufipa, nchi ile ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, afundishapo tenzi za Kiswahili husoma maneno yaliyozaliwa mbali, pwani. Na wengi wa wamsikilizao walibembelezwa na mama zao kwa Kifipa. Katika tenzi hizo zimo za mzazi kumwusia mtoto, nazo aghalabu husomwa kama orodha ya amri tu. Yafaa tutazame zilivyotungwa.

Mwana Kupona binti Mshamu, wa nchi ya Pate, aliolewa na Bwana Mataka, mkuu wa Siu, aliyeshindana na utawala wa Unguja hata akafa mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane huyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa beti zipatazo mia. Alikuwa mgonjwa, na maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Amwita binti aketi karibu na wino na karatasi. Aahidi kumfanyia kidani cha lulu na marijani, ndiyo maneno yake. Kisha amfundisha wajibu kwa Mungu, kwa Mtume, kwa wazazi na kwa mume. Yapata mwaka 1860 akafariki.

Msomaji akitafuta humo maneno ya mapenzi matupu, atayaona machache. Mapenzi yamo ndani ya amri zenyewe. Mama anayeeleza jinsi ya kukaa katika nyumba ya mume ajua ya kuwa siku ya shida hatakuwapo kuulizwa. Hata asimuliapo jinsi alivyokaa na mumewe pasipo ugomvi, hata mume akafa akiwa radhi naye, twasikia sauti ya mjane chini ya sauti ya mwalimu. Baadhi ya amri zake ni za zamani zile, wala hatulazimiki kuzifuata zote. Lakini uchungu wake haujazeeka.

Utendi ule ulidumu kwa kunakiliwa, na mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliupiga chapa. Baadaye Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akaifuata njia iyo hiyo: alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi uitwao Hati, na mwanawe Hussein ule uitwao Adili. Jina la Hati latosha kuonyesha nia: ni maandishi ya kumkalia mtoto mahali pa baba. Naye Shaaban asili yake ilikuwa ya Wayao, watu wa bara. Basi bahari si sharti la utenzi.

Je, wazazi wa Ufipa hawakuwausia watoto wao? Roy Willis alikaa huko katika miaka ya 1960, na mwaka 1978 akatoa kitabu cha hadithi na usemi wa Wafipa, akaonyesha wingi wa hazina iliyokaa vinywani. Lakini neno la kinywani halina mnakili. Mzee afapo, hufa nalo. Kwa hiyo mwalimu wa Sumbawanga, amalizapo kusoma utendi wa Mwana Kupona, awatume wanafunzi wake nyumbani wakaulize: bibi alimwambia nini mama siku ya kuolewa? Waandike kwa Kifipa kwanza, bila kusahihisha, pamoja na jina la kijiji na mwaka, kisha wafasiri. Hapo ndipo watakapoufahamu wino ule na karatasi ile.