Uzi wa Szeged

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Ulaya ikiwa vitani, Ilona Banga alikuwa akisaga minofu ya sungura katika maabara ya Chuo Kikuu cha Szeged, kusini mwa Hungaria. Aliiloweka kwenye maji ya chumvi ya potasiamu ili apate miosini, protini ya misuli iliyojulikana tangu karne ya 19. Akiichuja baada ya dakika 20, alipata majimaji mepesi. Safari moja mnofu ulilala humo hadi asubuhi, na majimaji yake yakatoka mazito kama uji.

Mkuu wa maabara, Albert Szent-Györgyi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1937, hakulipuuza jambo hilo. Uzito ule ulitoweka ulipotiwa ATP, molekuli inayoipa seli nguvu. Akautengeneza ute huo kuwa nyuzi nyembamba, akazimiminia maji ya msuli uliochemshwa, yenye ATP ndani yake. Nyuzi zikajikunja na kufupika mbele ya macho yake. Baadaye alisema hakuna jambo katika utafiti lililomsisimua kuliko hilo. Ni haki yake: mwendo, dalili kongwe ya uhai, ulikuwa umeonekana ndani ya chombo cha kioo.

Ni nini basi kilichoongezeka usiku ule? Kijana Brunó Straub aliyachukua mabaki ya mnofu, akayatia asetoni, akayakausha yakawa unga, kisha akauloweka kwenye maji. Ikatoka protini nyingine, ikaitwa aktini. Ilikuwa 1942. Habari zilichapishwa na chuo chenyewe, na kwa sababu ya vita hazikufika mbali. Szent-Györgyi, mpinzani wa Wanazi, aliishia mafichoni.

Kwa miaka mingi aktini ilidhaniwa kuwa mali ya misuli tu, mpaka Sadashi Hatano na Fumio Oosawa wa Japani walipoitoa, 1966, kwenye kiumbe cha utelezi kisicho na msuli hata mmoja. Leo tunajua kwamba nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi, ni sehemu ya kiunzi cha seli. Chembe nyeupe ya damu inayofukuza bakteria hujisukuma kwa kuzijenga upande wa mbele, huku ikizibomoa nyuma.

Unga wa Straub bado unatumika maabarani. Walimu wa biolojia, mnapomtaja Szent-Györgyi darasani, mtajeni na Banga: jina lake limo kwenye chapisho la mwanzo kabisa.