Metalenzi

Metalenzi ni lenzi bapa na nyembamba sana inayokusanya mwanga kwa kutumia nguzo ndogo mno zilizopangwa juu ya kioo. Nguzo hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Lengo lake kuu ni kupata kamera ndogo na nyepesi.

== Jinsi inavyofanya kazi ==

Lenzi ya kawaida, kama lenzi ya kukuzia, ni nene katikati kuliko kingoni. Mwanga unaopita katikati huchelewa zaidi, na hivyo miali yote hukutana kwenye fokasi.

Metalenzi huleta ucheleweshaji huo bila unene. Nguzo zake huwa na kimo kimoja, lakini upana au mwelekeo wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwa mfano, nguzo pana huchelewesha mwanga kuliko nguzo nyembamba. Nafasi kati ya nguzo lazima iwe ndogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Kwa nuru inayoonekana, urefu huo ni takriban nanomita 400 hadi 700.

== Historia ==

Mwaka 2011 kundi la Federico Capasso katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionyesha kwamba uso wa namna hii unaweza kupinda mwanga kwa njia isiyoelezwa na kanuni ya kawaida ya Snell. Mwaka 2016 kundi hilo lilitangaza metalenzi za dioksidi ya titani kwa nuru inayoonekana. Nguzo zake zilikuwa na kimo cha nanomita 600.

== Tatizo la rangi ==

Metalenzi sahili husanifiwa kwa rangi moja. Rangi nyingine hupata fokasi mahali tofauti, na picha huwa na ukungu.

Mwaka 2021 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Washington walitumia njia nyingine. Badala ya kutafuta lenzi isiyo na kasoro, walisanifu nguzo pamoja na programu ya kompyuta inayosafisha picha, kila moja ikirekebishwa kufuatana na nyingine. Metalenzi yao, yenye upana wa nusu milimita na nguzo milioni 1.6, ilipiga picha za rangi ingawa ilikuwa na ukubwa wa punje ya chumvi ya mawe.

== Matumizi ==

Kamera ndogo kiasi hiki zinaweza kuwasaidia madaktari kuchunguza ndani ya mwili. Metalenzi pia zinaweza kutengenezwa kwa mbinu zinazotumika kutengeneza chipu za kompyuta.